Karatasi Kumi na Moja za Kipini

Garsen,
Jumapili, 14 Juni 1998

Kwa dada yangu Barwako,
Chewele.

Assalaam alaykum warahmatullah. Naomba waraka huu ukufikie ukiwa mzima, wewe na watoto na shemeji Boru, na baba mkwe wako ambaye ulisema kifua kinambana tangu mvua zile. Na wale ng'ombe wachache walioponea maradhi, je, wamepata nyama mgongoni? Hapa Garsen nyasi zimeota mpaka nyuma ya maduka, na kila ninapoziona nasema laiti zingekuwa kwenu. Mimi mwilini ni mzima. Shangazi Mwanahamisi alirudi Wenje kupalilia mahindi yake, kwa hiyo nyumbani nimebaki na kuku wawili na redio ya marehemu, ambayo betri zake nazianika juani ili zinifikishe mpaka taarifa ya habari.

Najua Boru ndiye atakayekusomea. Shemeji, nakuomba usome polepole, wala usiruke mahali, hata pale utakapokuta jina lako. Nimeandika kwa ajili ya karatasi za Kipini, zile zilizosemekana zimepotea majini ukaondolewa kazini kwa sababu yazo. Nitafika huko. Nivumilieni nianze na habari ndogo ndogo, maana kalamu imekuwa nzito.

Barwako, pale ulipokuwa ukiuzia maziwa, ukutani kwa duka la Mpemba, amekaa mama mwingine kutoka upande wa Witu. Maziwa yake si mabaya, ila hana maneno. Anapima, anakupa, anatazama barabara. Juzi nilisimama nikingoja aniulize nimelalaje, akadhani nimepunjwa, akaniongezea. Nikakumbuka ulivyokuwa ukiniuliza mbele ya watu kama leo nimehesabu maji ya bahari yote au nimebakisha ndoo moja ya kesho. Watu walicheka, nami nikajifanya nimekasirika. Sasa nikipita hapo hakuna anayenichokoza, nami nimegundua kwamba mtu asiyechokozwa na yeyote hana tofauti kubwa na nguzo ya simu.

Kazini nako kumepoa. Unajua kazi yangu ilivyokuwa, lakini nitaieleza tena, kwa sababu jambo langu limo ndani yake. Kule nje ya Kipini, mto unapoingia baharini, mradi wetu ulifunga boya la kupimia mawimbi. Kila baada ya saa tatu boya hutuma habari zake kwa mawimbi ya redio: kimo cha wimbi, na sekunde zinazopita kati ya wimbi moja na jingine. Mashine ya kuchapa ilikufa kwa chumvi mwezi wa kwanza tu, ndiyo maana ikabidi awepo mtu kule Kipini wa kuketi mbele ya kipokezi na kuziandika namba kwa mkono kabla hazijapotea kwenye kioo. Mtu huyo alikuwa marehemu mume wangu, Abdulmalik. Mara nane kwa siku, karatasi moja kwa siku. Boru alizileta Garsen kwa gari kila wiki, akakaa kwenye kiti cha mbao kando yangu akinisomea, nami nikaziingiza kwenye kompyuta.

Shemeji, bado nasikia unavyosoma. Moja nukta mbili, sekunde saba. Moja nukta tatu, sekunde saba. Halafu unasimama ghafla na kusema huyu ng'ombe wetu wa baharini leo kakataa kukamuliwa. Ulimwita boya ng'ombe tangu siku ya kwanza, ukamwambia Abdulmalik amepewa mnyama aliyefungwa kamba majini, hali majani, hatoi maziwa, na bado anataka mchungaji usiku na mchana. Abdulmalik alikujibu kwamba wa kwake angalau hajawahi kuingia shamba la mtu. Wewe Muorma mfugaji na yeye Mpokomo mkulima, mkacheka mpaka Bwana Mukhtar, mkuu wetu, akatoka ofisini kuuliza kuna nini.

Nuh, dereva wa sasa, ni kijana mwenye adabu, lakini hazimi hata injini. Ananikabidhi bahasha mlangoni na kuondoka. Kwa hiyo nasoma mwenyewe kwa sauti, kisha naandika, kisha narudia kusoma nikijijibu ndiyo, ndiyo, kama mtu aliyepungukiwa na akili.

Baada ya kuingiza kuna kusafisha, na hiyo ndiyo kazi ambayo Bwana Mukhtar alinifundisha mimi peke yangu. Namba ikiruka ghafla, ikawa mara tatu ya jirani zake, napiga mstari mwekundu juu yake, naandika mbovu, naweka sahihi yangu pembeni. Namba isipobadilika nayo ni mbovu. Bwana Mukhtar alisema bahari haiwezi kukaa siku nzima kwenye kipimo kimoja, na ukiona namba ileile imejipanga kama matofali, basi ama chombo kimekwama ama mtu amelala. Karatasi iliyokwisha kusafishwa hupelekwa Mombasa, ambako wataalamu huchora namba zote pamoja, watambue ni mawimbi ya majira gani yanayoula ufuo wa Kipini na nyumba zijengwe wapi ili zisifuatwe na maji. Karatasi hizo hazirudi. Kwa miaka miwili nilikuwa nikimwona mume wangu siku tano kila mwezi, na siku nyingine nilimwona kwa mwandiko. Saba yake aliikata kwa kistari tumboni. Pembeni aliandika vitu ambavyo kompyuta haina mahali pa kuviweka: leo kaa wengi, leo nimepika pojo zikaungua, maji ya mto mekundu mpaka kwenye boya. Nilivisoma kwanza hivyo, halafu ndipo namba.

Mwaka jana mvua zilipokuja zile ambazo hakuna mzee aliyezikumbuka mfano wake, njia ya Kipini ikakatika. Hayo mnayajua kuliko mimi. Abdulmalik akashikwa na homa huko, hakuna gari, hakuna dawa iliyobaki zahanati, na alfajiri ya Jumanne, tarehe tisa Desemba, akafariki. Wakamzika adhuhuri siku hiyo hiyo. Habari ilinifikia baada ya siku mbili kwa redio ya polisi. Sikumwosha mkono wala sikumfunga kidevu. Niliingia eda kwa mtu ambaye nilikuwa sijamwona tangu Oktoba.

Boru ndiye aliyekwenda kuchukua vitu vyake. Aliacha gari pale Idsowe maji yalipolizuia, akavuka kwa mitumbwi na kwa miguu, siku tatu kwenda na siku nne kurudi, na mahali pengine, kama ulivyonisimulia wewe Barwako, maji yalimfika kifuani naye kauweka mzigo kichwani. Alipofika mlangoni kwangu alimkabidhi Shangazi, Shangazi akauingiza nyuma ya pazia. Ulikuwa umefungwa kwa mfuko wa nailoni, juu yake turubai, juu yake kamba ya ukili. Nilipoufungua, hata shati lilikuwa kavu.

Baada ya siku chache Bwana Mukhtar akaja. Mtamkumbuka alivyosimama nje, Boru kando yake. Hakutaka kuingia wala kunisemesha, alimwomba Shangazi aniulize kwa upole kama zimo karatasi zozote kwenye vitu vya marehemu, maana zilikosekana za siku kumi na moja, za mwisho wa Novemba mpaka kifo chake, na ndizo siku ambazo Mombasa walizitaka kuliko zote kwa kuwa mto ulikuwa haujawahi kusukuma baharini namna ile. Nilijibu mwenyewe kutoka ndani. Nilisema ni nguo tu, na redio.

Kisha nikamsikia Boru akisema, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba labda yeye ndiye, labda ziliponyoka pale maji yalipokuwa mengi. Bwana Mukhtar akaniomba radhi kwa kunisumbua. Wakaondoka. Baada ya Idi Boru akaandikiwa barua ya kuachishwa kazi, kwa uzembe wa kupoteza mali ya mradi.

Barwako, karatasi hazikupotea. Zilikuwa ndani ya mzigo ule, katikati ya shati na kikoi, zote kumi na moja, hakuna hata iliyolowa. Nilikuwa nimezikalia wakati najibu. Namaanisha hivyo hasa: zilikuwa chini ya mkeka niliokalia.

Shemeji, kama sauti imekukatika hapa, pumzika, kisha endelea. Wewe ulijua. Wewe ndiwe uliyezikusanya mezani kwake na kuzifunga. Ungeweza kusema neno moja, lakini mbele yako palikuwa na mwanamke aliye edani, na mkuu mwenyewe kavua kofia, na ni nani angemtaka mjane afunuliwe mkeka? Ukaona heri lichafuke jina lako. Sijui kama ulimwambia mkeo. Kama hukumwambia, basi ndivyo anavyojua sasa, kwa sauti yako mwenyewe, nami naomba radhi kwa kukutwika hilo pia.

Sasa niseme kwa nini, ingawa sababu hainisafishi.

Karatasi saba za kwanza ni nzuri. Zina saba zenye kistari, zina pembeni yake habari za kiboko aliyeonekana karibu na msikiti. Kuanzia ya nane mwandiko unalala. Namba zote ni moja nukta nne, sekunde nane. Moja nukta nne, sekunde nane, tangu asubuhi mpaka usiku, siku nne mfululizo, na zimeandikwa kwa mkandamizo mmoja wa kalamu, bila kuinuka. Nimesafisha karatasi mia saba za mkono ule. Nilijua mara moja kwamba hakuwa mbele ya kipokezi. Alikuwa kitandani, anaandika bahari aliyoikumbuka.

Na ya mwisho, Barwako, ni ya tarehe tisa, na imejaa. Alifariki alfajiri, lakini karatasi ina wimbi la saa tatu asubuhi, la saa sita, la saa tisa, mpaka la saa tatu usiku. Mtu ameshazikwa adhuhuri, na kwenye karatasi bado anapima mawimbi ya jioni. Aliijaza mapema ili siku isikutwe tupu.

Nilikaa nayo mkononi, nikaona yatakayofuata. Mimi mwenyewe ndiye ningepaswa kuchukua kalamu nyekundu na kuandika mbovu, mara nane, mara nne, na kutia sahihi. Na wangesema, kama aliweza kubuni siku nne, tutajuaje hakubuni miaka miwili? Mume wangu hakuwa na kitu kikubwa duniani. Alikuwa na sifa kwamba Abdulmalik haandiki asichokiona. Nikaona nimfichie. Sikufikiri kwamba ili jina la marehemu libaki safi lazima la mtu mwingine lichafuke, mtu aliye hai, mwenye watoto. Nilipolifikiri, Boru alikuwa ameshasema labda yeye, nami nikaona kwamba mlango umefunguliwa na mwingine, nikapita.

Lakini kinachoniuma kuliko uongo ule ni wewe. Kila alasiri ulipomaliza maziwa ulikuja kukaa nami ndani. Ulinitania kwamba nimekuwa mweupe kwa kukosa jua, ati nikitoka watu watadhani nimetoka Ulaya na wataniomba viza. Ulinichekesha nami nina karatasi chini ya mkeka. Mumeo alipoachishwa kazi ulikuja siku hiyo hiyo, ukakaa, hukuitaja. Jamaa zenu walipowaita mrudi Chewele, ulisema huwezi kuniacha nikiwa edani, mtakwenda nikitoka. Mkangoja miezi miwili na nusu Garsen bila kazi kwa ajili yangu. Nilitoka eda katikati ya Aprili, na siku ya nne mkapakia vitu. Nilikusindikiza hadi stendi, ukaniambia nisiache kula. Nilikuwa na nafasi ya kusema pale. Nikakwambia safari njema.

Alhamisi iliyopita nilizipeleka ofisini. Niliziweka mezani kwa Bwana Mukhtar nikamweleza kila kitu kama nilivyowaeleza ninyi. Alizipitia moja moja. Nilingoja anipigie kelele. Alipofika ya nane alisema hii imekwama, akageuza. Alipofika ya mwisho alitazama tarehe, akavua miwani. Kisha akasema jambo ambalo sikulitazamia, kwamba mambo haya hutokea, kwamba kila daftari la bahari lina siku zake mbovu, za ugonjwa, za ulevi, za usingizi, ndiyo maana kukawa na kalamu nyekundu. Siku saba zinatosha sana, akasema, siku nne zitaachwa wazi, na hakuna mtu wa Mombasa atakayeuliza habari ya miaka miwili kwa ajili ya siku nne za mtu anayekufa. Alisema hivyo kwa wema. Laiti angenipiga. Miezi sita nimelificha, Boru amelibeba, na lilikuwa jambo la robo saa.

Nilimwomba nizisafishe mwenyewe. Akanipa kalamu. Nilipiga mistari thelathini na miwili. Penye sababu, ambapo kwa kawaida huandika chombo kimekwama, niliandika mwandishi alikuwa mgonjwa mahututi, nikatia sahihi. Zimekwenda Mombasa jana na Nuh.

Kuhusu Boru, hapo ndipo Bwana Mukhtar alipokasirika, na ni haki yake. Aliniuliza nilimwachaje mtu aliyevuka maji yale. Ameandika barua inayosema kwamba shemeji hakupoteza kitu chochote, kwamba mzigo ulifika mzima na kosa ni la karani. Gari lipo na Nuh na hawezi kumfukuza Nuh kwa kosa langu. Amesema ataomba dereva wa pili, lakini hakuahidi, nami siwezi kuwaahidi. Mimi nimeambiwa nikae nyumbani mpaka wakubwa waamue.

Hapa Garsen nimeanza kusema. Nilikwenda dukani kwa Mpemba, ambako nilisikia watu wakimwita Boru mvuja maji, ati kila akibebacho huvuja njiani, nikasema mbele ya waliokuwepo kwamba aliyepoteza karatasi ni mimi, na sikuzipoteza, nilizificha. Mmoja akasema nimechanganyikiwa kwa msiba. Nikawaeleza tena, polepole, hadi wakaamini. Hawakucheka. Yule mama wa Witu aliacha kupima maziwa akanitazama kwa mara ya kwanza.

Ila najua kwamba Garsen si kwenu. Wanaomwona Boru kila siku ni baba yake na ndugu zake, na wao wamesikia kwa kinywa chake mwenyewe kwamba alizembea. Akisema sasa kwamba hakuzembea, watadhani anajitetea. Na barua ya mkuu mtu anaweza kuikunja na kuiweka. Kwa hiyo nakuja. Waraka huu nampa utingo wa basi la kesho aukabidhi hapo barabarani, ili uwafikie kabla yangu na msishtuke. Mimi nitapanda Alhamisi, na barua ya Bwana Mukhtar naibeba mwenyewe. Nataka baba mkwe wako na shemeji zako wasikie kutoka kwangu, waniulize wanachotaka, na waniseme watakavyoona. Sitasema habari za msiba wangu. Nitasema nilichofanya.

Sikuombi unisamehe ndani ya waraka, wala usimwambie Boru anisamehe kwa kuwa mimi ni mjane. Hilo ndilo lililotufikisha hapa. Eda yangu imekwisha, Barwako. Nikasirikieni kama mnavyomkasirikia mtu yeyote.

Basi litafika kwenu alasiri. Kama mtanipokea, nitaingia. Kama hamtaki niingie bomani, mwambie mmoja aje anieleze, nitakaa pale barabarani, na mzee akikubali kuja hadi hapo, nitasema nikiwa nimesimama, kisha nitangoja gari la kurudi hata kama ni la asubuhi. Sitaondoka bila kusema.

Wasalimie watoto wote, mmoja mmoja kwa jina. Msalimie baba mkwe kwa heshima, mwambie namwombea kifua chake kitulie. Shemeji Boru, ahsante kwa kunisomea mpaka hapa.

Ni mimi,
Swaleha, mke wa marehemu Abdulmalik.